Ukuta wa Bahari si Mwamba

Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita hoja ilikuwa hii: kwamba mwanafunzi wa bara hana haja ya kujifunza habari za pwani. Mimi nilisimama upande wa waliokubali. Nilisema mtoto wa Nachingwea ajifunze korosho, ufuta na maradhi ya mihogo, na bahari tuwaachie wenyewe. Nikasema tena, na hili ndilo lililopigiwa makofi zaidi, kwamba jiwe ni jiwe, na ukuta ni jiwe lililopangwa. Basi mtu akijenga ukuta ufukweni amewaongezea konokono nyumba bila kuwatoza kodi. Tulishinda kwa kura nyingi. Mwenzetu mmoja wa Ruangwa, aliyekuwa upande wa pili, alijaribu kueleza habari za mto Mbwemkuru, akazomewa, akaketi.

Naandika makala haya kwa kuwa nataka kuyarudisha maneno yangu yale. Wala si yote. Korosho bado naona zatufaa sana. Lakini lile la jiwe na ukuta nililisema bila kujua, na waliolipigia makofi hawakujua vile vile, na baadhi yetu tuliokuwa ukumbini siku ile huenda tukawa wahandisi, madiwani na mafundi waashi. Hapo ndipo ujinga wetu utakapogharimu watu.

Likizo iliyopita nilikwenda Mikindani kwa shangazi yangu. Wenzangu ambao hawajafika huko, njia ni hii: toka Nachingwea unakwenda Nanganga, hapo unakutana na bonde la Lukuledi, unalifuata kupita Mtama hata Mnazi Mmoja, ndipo barabara zinapoachana, ya kushoto kwenda Lindi na ya kulia kwenda Mtwara. Wazee wetu walikuwa na njia nyingine, yaani gari moshi. Siku za mradi wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, Waingereza walijenga bandari ya kina kirefu huko Mtwara, na reli ya kuteremsha karanga toka Nachingwea. Karanga hazikupatikana kama zilivyotarajiwa, reli ikafungwa mwaka 1962, bandari ikabaki. Na siku hizi ina gati jipya la meta 300. Basi zege lile la kwanza la bandari lilimwagwa baharini kwa ajili ya mashamba ya hapa kwetu. Laiti ningalilikumbuka jambo hili siku ya mdahalo.

Shangazi yangu aliolewa Mikindani zamani, na kazi yake ni kuchokoa pweza na kuokota chaza maji yapwapo. Nilipofika nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Habari za Nachingwea? Na hiyo waya mkononi ni ya kufugia kuku?"

Ilikuwa fremu ya waya ya mraba, nusu meta kila upande, niliyoazimwa na mwalimu wetu wa Baiolojia. Ukiilaza chini wahesabu aina za viumbe vilivyomo ndani yake, kisha waihamishia mahali pengine na kuhesabu tena. Nilipomweleza hayo shangazi alicheka sana, akasema yeye amekuwa akiuhesabu mwamba ule toka alipoolewa na hajapata kuhitaji waya. Hata hivyo asubuhi yake alinichukua.

Lazima nieleze kwanza habari ya maji, maana bila hiyo mengine hayafahamiki. Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na mwezi upevukapo, maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3. Siku za maji mafu hupanda na kushuka kidogo. Na kwa jinsi majira yalivyopangika huku kwetu, kupwa kukubwa kwa bamvua hutokea karibu saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Fikirini basi kiumbe aliyezaliwa kwa kuishi majini. Maji yamemkimbia, jua li juu yake, ndege anamtafuta, na baada ya saa chache mawimbi yatarudi kumpiga. Anahitaji mahali pa kushika, mahali pa kujificha, kivuli, na maji kidogo ya kumfikisha jioni. Akivipata ataishi, akivikosa atakufa au atahama. Habari yote ya ufuko ni hiyo.

Tulianza mchangani, na huko sikukaa sana. Juu ya mchanga fremu yangu ilikuwa tupu. Shangazi akachimba kwa mkono akanionyesha vikombe vidogo vya rangi rangi vilivyozama mara moja tena, na vijitundu vya kaa wale weupe wakimbiao kwa ncha za miguu. Mchanga hauna pa kushika, kwa sababu wenyewe watembea kila wimbi lijapo. Mwenye kuishi humo lazima ajue kuchimba, na si wengi wajuao.

Kwenye tope la mikoko mambo yalikuwa mengine. Nilizama hata magotini, na kiatu kimoja kingali huko. Huko kuna tondo, wale konokono warefu weusi, wengi kama kokoto. Kuna kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kupita mwili wake, na hulipunga kama mtu aitaye basi. Kuna samaki wadogo watembeao juu ya tope kwa mapezi, jambo ambalo nilipolisimulia bwenini niliitwa mwongo. Lakini tazameni neno hili: katika tope lile chaza hawako chini, wako juu ya mizizi ya mikoko. Chaza hawezi kushika tope. Mzizi mmoja ukisimama katika tope ni kisiwa kwake, na juu ya kisiwa hicho hupanda wengine wasiohesabika, na chini yake hujificha kaa. Mzizi ukikatwa kwa kuni, wote hao huondoka pamoja nao.

Kisha tukaenda kwenye mwamba.

Mwamba wa pwani yetu si jiwe kama yale majabali ya kwetu bara. Ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa hai zama za bahari ilipokuwa juu kuliko sasa, yakabaki nchi kavu yakawa jiwe. Na kwa kuwa yalikuwa matumbawe, na kwa kuwa maji yameyala kwa maelfu ya miaka, yamejaa matundu, nyufa, vidimbwi, kingo kali na mapango ya kuingiza mkono. Ukitembea pekupeku utajuta. Mimi niliyekuwa na kiatu kimoja nilijuta nusu.

Juu kabisa, mahali panapofikiwa na rasharasha tu, palikuwa na konokono wadogo kama punje za mtama, wamejibana katika nyufa, mlango wa gamba umefungwa wasikauke. Chini kidogo wakaja wale wenye gamba mfano wa kofia, walioshika jiwe kwa nguvu hata nisiweze kuwang'oa kwa kidole. Kisha chaza, mkanda mzima wa chaza, wamepandana, na katikati ya magamba yao wamo kaa wadogo na minyoo. Kulikuwa na mnyama bapa wa magamba manane mgongoni, aliyejibandika jiwe kama kiraka. Katika vidimbwi palikuwa na visamaki virukavyo toka kidimbwi hata kidimbwi, mwani wa kijani na wa hudhurungi, fuma wenye miiba wamejichomeka katika mashimo, na chini ya jiwe moja nililolipindua walikuwa viti vya pweza wembamba, mikono yao kama nyoka, wakakimbia mwanga. Shangazi aliniagiza nilirudishe jiwe lile kama lilivyokuwa. "Umeng'oa paa la watu," alisema.

Nilihesabu. Ndani ya fremu moja vidole vya mikono miwili havikutosha, na mengine sikuyajua majina wala yeye hakuyajua kwa Kiswahili, tukayapa majina yetu. Na pweza? Pweza alikuwa katika shimo lake. Shangazi hakumtafuta kama nilivyodhani wavuvi hutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye shimo alijualo, akatazama mlangoni, akaona maganda ya kaa yaliyotupwa nje, akajua mwenyeji yumo. Mashimo mazuri hayakai bure, akasema. Ukimtoa huyu leo, baada ya siku kadhaa atakuja mwingine kupanga. Kwa hiyo mali ya shangazi yangu si pweza. Mali yake ni shimo.

Sasa niseme habari ya ukuta.

Sitasema ni wa nani wala uko upande gani wa ghuba. Ulijengwa kuzuia maji yasile kiwanja, jambo ambalo mwenye kiwanja ana haki ya kulitaka. Umejengwa kwa zege juu ya mwamba ule ule, umesimama wima, na uso wake umelainishwa kwa mwiko kama ukuta wa sebule. Kwa kazi ya fundi ni ukuta mzuri. Nilibandika fremu yangu juu yake mahali pa usawa ule ule nilipohesabu mwambani, nikahesabu, na vidole vya mkono mmoja vilizidi. Vijigamba vyeupe vigumu vya mfano wa mlima wenye tundu kileleni, chaza wachache upande wa chini, konokono mmoja aliyekuwa njiani. Basi. Zege lilikuwa la moto hata sikuweza kuliegemea.

Shangazi alisimama mbali akitazama. Akasema, "Hapo chini palikuwa na mashimo yangu sita. Kila moja nalijua kama mlango wa jirani. Pweza hapangi nyumba ukutani, mwanangu." Hakusema zaidi, wala hakuuliza kwa nini hakuna mtu aliyekuja kumwuliza kabla ya zege kumwagwa. Mimi nilijiuliza kwa niaba yake. Sitini au mia ya watu waliowahi kutembea juu ya mwamba ule na kikapu hawana hati ya shimo la pweza, na asiye na hati haitwi mkutanoni.

Lakini kilichonibadili mawazo si huruma tu, maana katika mdahalo huruma haihesabiwi kuwa hoja. Kilichonibadili ni ufa. Mwisho wa ukuta ule fundi alikuwa ameacha kiungo bila kukiziba, au kilizibwa kikabomoka. Ni ufa wa upana wa vidole viwili na urefu kama wa mkono wangu. Nikachungulia humo. Walikuwamo kaa wawili, konokono wa aina tatu, chaza, mwani ulio na unyevu, na mnyama mmoja laini ambaye hakupata jina. Zege ni lile lile, jua ni lile lile, bahari ni ile ile. Tofauti ni ufa. Basi si kwamba viumbe wachukia ukuta kwa kuwa umejengwa na mtu. Walichokosa katika ukuta ule ni mahali pa kuingia.

Niliporudi nilimpelekea mwalimu hesabu yangu, naye akanionyesha mambo mawili ambayo nisingaliyaona peke yangu.

La kwanza ni la hesabu tu, na yeyote wa Kidato cha Kwanza aweza kulifanya. Bahari ikipanda meta 3 juu ya ukuta uliosimama wima, uso unaolowa na kukauka una urefu wa meta 3, wala haupungui wala hauzidi. Bahari hiyo hiyo ikipanda meta 3 juu ya mwamba unaoteremka meta 1 katika kila meta 30, uso huo ni kiasi cha meta 90. Umewanyang'anya wakazi makao, kisha ukawaambia wote wakae katika ghorofa nyembamba, walalao juu na walalao chini wakanyagane.

La pili ni habari ya kugombea nafasi. Mwaka 1961 mtaalamu wa Kimarekani, Joseph Connell, alichapisha uchunguzi alioufanya katika pwani ya Scotland juu ya vile vijigamba vyeupe nilivyovieleza. Zilikuwa aina mbili, moja yakaa juu na nyingine chini. Aliondoa aina ya chini, na ile ya juu ikateremka na kuishi vizuri mahali ilipokuwa haionekani. Maana yake ile ya juu ilikuwa yaweza kuishi chini, ila majirani waliisukuma na kuifunika. Na ile ya chini haikuweza kupanda juu kwa sababu ya ukavu. Basi huko ufukweni nafasi ya kushika ni kitu cha kugombewa kama kiwanja mjini. Watoto wa viumbe hao huelea majini wakiwa wadogo wasioonekana kwa macho, na wakati ufikapo hutafuta uso wa kutua. Wengine hupapasa mahali kwanza kabla ya kujigandisha kwa maisha yao yote. Uso laini mkavu huupapasa na kuuacha.

Kuna watakaosema, je, tusijenge kuta? Sisemi hivyo. Bahari inakula pwani, na watu wana nyumba, barabara na makaburi yao. Dar es Salaam ukuta mpya kando ya Barabara ya Barack Obama, ambayo wengi bado waiita Ocean Road, ulikamilika mwaka 2018, na Zanzibar barabara ya Mizingani mbele ya Mji Mkongwe imejengewa ukuta wake. Kuta zitaongezeka, hapana shaka. Ninalosema ni kwamba mtu akiwa hana budi kujenga, ajenge uso ambao wengine nao waweza kuutumia. Jambo hili si ndoto ya mwanafunzi. Huko Sydney, Australia, ambako karibu nusu ya ukingo wa bandari yao ni kuta, wataalamu walitundika ukutani vyungu vya zege mfano wa vyungu vya maua. Maji yakipwa vyungu vyabaki na maji, vikawa vidimbwi. Na humo wakakuta aina za viumbe ambazo ukuta mtupu haukuwa nazo. Toka mwaka 2018 wamekuwa wakibandika pia vigae vya zege vyenye mifereji, mashimo na maumbo yaliyoigwa miamba na mizizi ya mikoko. Fundi wa Mtwara aweza kufanya hivyo. Badala ya kulainisha kwa mwiko, aache mawe yajitokeze, aache mashimo, aulaze ukuta kidogo usisimame wima, na mguuni pake amwage mawe makubwa makubwa yasiyotikisika. Pengine mwiko usiotumika ni nafuu hata kwa mfuko wa mwenye kiwanja.

Nasema mawe yasiyotikisika kwa sababu maalum. Pwani za Mikindani na Mtwara zimepata hasara nyingine ya uso, na hiyo ilikuwapo kabla ya kuta. Kwa miaka mingi matumbawe hai yalichimbwa yakachomwa kuwa chokaa ya kujengea, na mengine yalivunjwa kwa baruti na wavuvi wasiotii sheria. Matumbawe yakivunjwa hubaki kifusi cha vipande vidogo, na kila wimbi huvigeuza. Kiumbe mchanga akitua juu ya kipande, kesho kipande kimelala kifudifudi, naye yuko chini. Kwa hiyo kifusi chaweza kukaa miaka mingi bila kuwa mwamba tena. Mwaka 2000 Serikali ilitenga Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kusini ya Mtwara, eneo la kilometa za mraba 650, na moja ya faida zake ni hii, kwamba uso wa chini ya maji nao ulindwe.

Mwalimu alinionya vile vile nisije nikaufanya mwamba kuwa mfalme. Kuhesabu aina si kupima thamani. Tope lina aina chache juu yake kuliko mwamba, lakini wingi wake ndani ni mkubwa, na kamba wachanga na samaki wachanga hulelewa katika mikoko. Mchanga uliokuwa mtupu katika fremu yangu ndio kasa anaoutafuta kutagia mayai. Tena ukijenga ukuta wa mawe mahali palipokuwa na mchanga, huenda hesabu ya aina ikapanda, kwa kuwa chaza na konokono wa mwambani watakuja. Lakini kasa hatapata pa kutaga. Nakubali. Hilo lanizidishia tu hoja yangu, kwamba kila uso una watu wake, na anayeubadili ajue anamfukuza nani.

Sasa nirudi kwa yule mwenzetu wa Ruangwa tuliyemzomea. Alitaka kusema hivi, naye ameniruhusu nilieleze, ingawa alicheka nilipomwomba. Mto Mbwemkuru unakusanya maji ya huku kwetu, Nachingwea na Ruangwa, ukayamwaga baharini kaskazini ya Lindi. Lukuledi nao unamwaga katika ghuba ya Lindi. Mvua za masika zinaponyesha juu ya shamba lililofyekwa hata ukingoni mwa mto, udongo huteremka. Kila mmoja wetu ameuona mto ukiwa mwekundu. Udongo ule haupotei. Sehemu yake huzama baharini, na pale utandapo juu ya jiwe, jiwe huwa na uso wa tope laini, na kiumbe kilichokuja kutafuta pa kushika hakipati. Kwa hiyo mtu aweza kuuharibu mwamba wa pwani bila kutoka Ruangwa, kwa jembe lake tu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya meta 60 toka ukingo wa mto. Na kifungu hicho hicho kinataja meta 60 za ufuko wa bahari. Waliotunga sheria waliona kwamba mto na ufuko ni habari moja, sisi tuliokuwa ukumbini hatukuona. Wazazi wetu wasomao gazeti hili nawaomba wasinielewe vibaya. Najua shamba la bondeni ndilo litoalo mboga wakati wa kiangazi, na mimi mwenyewe nimelishwa nalo. Lakini mkanda wa matete na miti ukiachwa ukingoni, udongo wabaki shambani kwetu, na ni udongo wetu. Faida ya kwanza ni ya mkulima. Pweza wa shangazi yangu anakuja wa pili.

Kwa shule yetu nina maombi. Naomba maktaba ipate kile kitabu kikubwa cha picha za viumbe vya pwani za Afrika Mashariki, kilichohaririwa na Matthew Richmond na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1997, ili wanyama tuliowapa majina ya utani wapate majina yao. Naomba zaidi safari ya Baiolojia kwenda pwani, walau mara moja kabla mwanafunzi hajamaliza Kidato cha Nne. Tunafundishwa makazi ya viumbe kwa mchoro wa ubaoni. Mchoro una mistari mizuri lakini hauunguzi mgongo wala haukati unyayo. Mtu aliyeegemea ukuta wa zege saa tano asubuhi hahitaji kukariri kwa nini konokono hayuko.

Mwalimu amekubali kupeleka ombi kwa Mkuu wa Shule, na amekwisha kuchagua siku za bamvua katika muhula ujao, maana kwenda siku za maji mafu ni kwenda kutazama maji. Karatasi ya majina iko juu ya meza yake katika chumba cha Baiolojia. Jina la kwanza ni la yule wa Ruangwa, la pili ni langu. Shangazi ameahidi kutuongoza, kwa sharti kwamba kila atakayepindua jiwe alirudishe, na kwamba pweza atakayepatikana siku hiyo ni wake. Wenye kujiandikisha walete kofia, chupa ya maji, na viatu vya mpira vya kufunga kamba, vyote viwili.